Trekta Kuukuu kwa Kazi ya Kijiko na Majani: Tuanzie Mbele, Injini Itafuata

Wengi wanaotupigia simu kuuliza juu ya trekta wanalotaka kununua huanza na maneno yale yale: "Injini yake nzima, nimeisikiliza mwenyewe." Karakana yetu iko upande wa Mwera, hapa Unguja, na simu hizi huzidi masika yakishapita. Mpunga umevunwa, mabua yamelala bondeni, majani ya tembo yamefika kifuani, na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa amechoka kutegemea panga na gari ya ng'ombe. Anataka trekta moja la kufanya yote: likate majani, lifunge marobota, lichote samadi bandani, na likipata nafasi lipakie mchanga na mawe.

Hilo linawezekana, hata kwa trekta kuukuu. Tumeyaona ya miaka hamsini yakifanya kazi kila siku. Ila tunaomba msomaji atuamini kwa jambo moja ambalo limewagharimu wateja wetu fedha nyingi. Kwa kazi hizi mbili, ya kuchota kwa kijiko kinachofungwa mbele na ya kukata na kufunga majani, injini si kitu cha kutizama mwanzo. Kijiko huua sehemu ya mbele ya trekta, na kazi ya majani husimama au kuanguka kwa klachi. Injini ikichoka inafunguliwa, inatiwa ringi na beringi mpya, maisha yanaendelea.

Mwaka jana tuliitwa na mzee mmoja wa Bumbwisudi. Alikuwa ameshanunua Massey Ferguson 135 kutoka Bara, limeshavuka na meli, limepakwa rangi nyekundu mpya hata boliti zake zinang'aa. Alitaka tumfungie kijiko. Kabla ya kufunga chochote nikatia jeki chini ya ekseli ya mbele, tairi likaning'inia. Nikalishika juu na chini, nikalisukuma na kulivuta. Likacheza upana wa kidole.

"Mzee, king pini hii, pini inayogeuzia gurudumu, imekwisha."

"Lakini mwanangu, injini si unaisikia?"

"Naisikia mzee. Ina afya kabisa."

Nikachukua bisibisi, nikakwangua rangi kwenye ekseli, kiasi cha shubiri moja kutoka pale katikati inaposhikwa na pini yake. Chini ya rangi kulikuwa na mshono wa kuchomelea, umesagwa na grenda ukawa sawa na chuma, kisha ukafunikwa. Ekseli ilishavunjika zamani. Kwa kulima ingeendelea miaka. Kwa kijiko isingemaliza mwezi. Mzee alikaa kwenye jiwe kwa muda bila ya kusema kitu, na mimi sikuwa na la kumwambia, maana aliyemuuzia alikuwa ng'ambo ya bahari na fedha zilikuwa zimekwisha kwenda.

Trekta likilima, uzito unakaa nyuma. Plau inavuta chini, tairi kubwa zinauma udongo, na ekseli ya mbele inakwenda nyepesi. Kwa hiyo mtu aliyelima nalo mabonde ya Cheju au Kibokwa miaka yote hakudanganyi anapokwambia halijamsumbua. Hakuwahi kulitwisha mzigo kwa mbele, basi.

Aliyewahi kubeba mzega anajua hesabu hii kwa bega lake: ukizidisha mzigo upande mmoja, upande wa pili unanyanyuka. Kwenye trekta la kijiko, bega ni ekseli ya mbele. Tuchukue trekta dogo ambalo ekseli zake zimeachana mita 1.9, na kijiko kikijaa kipo mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Ukichota kilo 500, ekseli ile haiongezewi kilo 500. Inaongezewa karibu kilo 900, kwa sababu kilo 400 hivi zinatoka nyuma na kuhamia mbele. Na kilo 500 si nyingi. Mchanga uliorowa una uzito wa karibu tani 2 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kijiko cha robo mita tu kimeshafika hapo.

Kuna hatari nyingine katika hesabu hiyo hiyo. Breki za matrekta haya ya zamani ziko kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Kadiri nyuma inavyokuwa nyepesi, ndivyo breki zinavyokosa cha kushika. Ndiyo maana hatumfungii mtu kijiko bila ya kumtengenezea uzito wa nyuma, aghalabu pipa la zege linaloning'inizwa kwenye mikono ya haidroliki. Na kijiko kilichojaa kiende karibu na ardhi, kisinyanyuliwe mpaka umefika pa kumwaga.

Basi ukienda kutizama trekta la kijiko, beba jeki na bisibisi. Nyanyua mbele, sukuma kila tairi juu na chini, kisha kushoto na kulia. Ukiwa bado umenyanyua, tikisa ekseli nzima uone pini ya katikati inacheza kiasi gani. Kucheza kidogo ni kawaida ya uzee, king pini na bushi zake zinabadilishwa. Mshono wa kuchomelea kwenye ekseli yenyewe, sisi tunamshauri mteja aondoke. Kisha lala chini, utizame pale injini inapoungana na kasha la klachi. Matrekta haya hayana chesisi kama ya lori: injini, klachi, giaboksi na difu zimefungwa moja kwa nyingine, na hivyo ndivyo vinavyobeba kila kitu. Kijiko kilichofungwa kwenye injini peke yake hupinda maungio hayo kila kinaponyanyua. Ukiona oili imetota pale, au boliti mbili ni mpya na nyengine zina kutu, au kuna silikoni iliyopakwa kwa nje, uliza sababu. Kijiko kizuri kina mabomba ya chuma yanayofika mpaka kwenye ekseli ya nyuma.

Haidroliki tunaipima kwa chaki. Jaza kijiko, kinyanyue kiasi cha kiuno, zima injini, piga alama ya chaki kwenye fimbo ya jeki inayonyanyua kijiko, pale inapoingilia, kisha nenda kaongee na muuzaji kuhusu bei. Ukirudi baada ya dakika kumi utaona alama imezama kiasi gani. Ikizama kwa kucha moja si neno. Kijiko kikiwa kimeshakaa chini, ama sili za jeki zimekwisha ama vali inapitisha. Na ujue kwamba Massey nyingi za zamani zina pampu iliyomo ndani ya giaboksi, iliyotengenezwa kwa kunyanyua plau, si kwa kijiko. Itakinyanyua, lakini pole pole sana. Anayetaka kupakia lori kutwa nzima atahitaji pampu ya pili inayozungushwa na injini kwa mbele.

Sasa majani.

Hapa kwetu hewa ina unyevu, na siku za jua la kuaminika zinahesabika. Wakati wa kipupwe unaweza kukata leo, ukageuza kesho, ukafunga keshokutwa, na siku ya nne mawingu yamerudi. Majani yakifungwa mabichi huota ukungu, na marobota yaliyopangwa ghalani yana unyevu hupata joto ndani kwa ndani hadi kuweza kushika moto. Kwa hiyo trekta likikusimamia siku ya kufunga, umepoteza chakula cha ng'ombe cha miezi.

Mashine ya kufunga marobota huzungushwa na shafti ya PTO, ile iliyo nyuma ya trekta inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine. Majani hayalali sawasawa, pahala pengine ni tele, pengine haba. Ukifika penye rundo unataka trekta lisimame lakini mashine iendelee kumeza. Hilo linahitaji klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, trekta linasimama na shafti inaendelea, ukikanyaga mpaka chini, shafti nayo inasimama. Kwenye klachi ya hatua moja, ukikanyaga vyote vinasimama, mashine inabanwa na majani, na wewe unashuka kuyang'oa kwa mkono, mara ishirini kwa siku. Kwenye kukata majani ni hatari zaidi, kwa sababu visu vizito vinavyozunguka huendelea kulisukuma trekta mbele hata baada ya kukanyaga.

Massey 135 na 240 zilitoka kiwandani kwa aina zote mbili za klachi, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Usikubali kuambiwa, jaribu. Washa, tia gia ya chini kabisa, washa PTO, tembea, kisha kanyaga aste aste. Mguu wenyewe utahisi kituo katikati ya njia. Mwenzako asimame mbali na shafti akutizamie kama bado inazunguka wakati tairi zimesimama. Ikiwa hatua mbili zipo lakini zimechanganyika, huenda ni kurekebisha tu, au klachi imekwisha. Kubadilisha klachi maana yake ni kulikata trekta vipande viwili, na hiyo ni kazi ya siku, si ya saa.

Tukiwa kwenye shafti: ile ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ncha ya kikoi au kanga ikinaswa, hakuna mwenye mkono wa haraka kuizidi. Trekta lisilo na kifuniko cha shafti hatulitoi karakana kabla ya kulitengenezea.

Wenzetu wa Pemba tunawaongezea jambo moja, kwa sababu ya vilima vyao. Baadhi ya Massey 135 na 165 zina kigia cha ziada kinachoitwa Multi-Power. Kikiwa upande wa chini, injini haizuii trekta kwenye mteremko; linakwenda huru kama limetiwa nyutro. Mwenye tela la marobota anayeteremka kilima na kudhani gia itamshikilia anaweza kupata msiba. Ama likubali trekta hilo ukijua kukitumia kigia hicho, kikae upande wa juu kabla hujaanza kuteremka, ama tafuta lisilo nacho.

Injini haituchukui muda. Fika asubuhi, weka kiganja kwenye injini kabla ya salamu kumalizika. Ikiwa ina uvuguvugu, muuzaji ameshaipasha moto kwa sababu yake. Moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata moto unaonyesha kompresheni ndogo, nozeli mbovu au maji yanayoingia. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli nyingi au filta ya hewa iliyoziba. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: mvuke kidogo ni uzee, ukitoka kwa nguvu kama bomba ringi zimekwisha. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Injini ya Perkins ya silinda 3 iliyomo kwenye 135 na 240 spea zake zinapatikana Dar, na mafundi wanaoijua ni wengi, kwa hiyo ubovu wake uutumie kushusha bei.

Chumvi ndiyo inayotushughulisha zaidi sisi wa visiwani. Trekta lililopakia mchanga wa pwani linakula kutu pasipoonekana: kwenye nyaya, kwenye vikombe vya breki, kwenye rimu. Kuna mteja mmoja aliyekuwa amejaziwa maji ya bahari kwenye tairi za nyuma ili kupata uzito. Tulipotoa tairi, rimu kuzunguka vali ilivunjika mkononi kama biskuti. Kwangua kutu karibu na vali, na ukiona unyevu pale, hesabu rimu mpya mbili ndani ya bei.

Ukituuliza lipi, jibu letu linategemea unachochota. Massey 135, ambalo lilianza kutengenezwa mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, ni trekta zuri la majani na samadi. Lina nguvu ya farasi 45 hivi na uzito wa karibu tani moja na nusu, na mashine ndogo ya marobota litaivumilia. Kwa mchanga na mawe ya uwanda tunalikataa, hata mteja akisisitiza. Huko tafuta la silinda 4, zito zaidi, lenye steringi ya haidroliki, mfano wa 165 yenye steringi hiyo au 375.

Tunakwenda kukagua trekta popote Unguja, na Pemba tunakwenda tukipata wateja wawili au watatu kwa safari moja ili nauli igawike. Tunatoza siku ya fundi, si asilimia ya bei, na hatupokei chochote kwa muuzaji. Trekta likiwa bado Bara, tutumie video tatu kabla hujatuma fedha: tairi ya mbele ikiwa juu ya jeki na mtu anaitikisa, klachi ikikanyagwa aste aste huku PTO inazunguka, na injini ikiwashwa ya baridi tangu sekunde ya kwanza. Ukitupigia kuomba miadi, mwambie muuzaji tutafika saa moja asubuhi, na kwamba asiliwashe mpaka tufike.