Siti inajua kilo, haijui umekaaje

Mhariri,

Juzi nimeweka begi la vitabu siti ya mbele, gari likaanza ti ti ti, eti begi lifunge mkanda. Nikacheka, halafu nikawaza, kumbe na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, kwenye magari mengi inategemea sensa za hivihivi, yaani vifaa vya kuhisi kama kuna mtu. Sensa ya siti inapima uzito basi, mtu mzima akiinama kuokota simu miguuni, kwake ni zilezile kilo.

Na kwenye kuinama ndo penye kesi. Eabegi sio mto wa kulalia jamani, inajaa ndani ya kama milisekunde 30, yaani hujapepesa jicho imeshamaliza, sasa ikikukuta umeegemea siti na mkanda umefunga inakudaka vizuri, ikikuta uso uko juu ya dashibodi inakutwanga. Huko Marekani kati ya 1990 na 2008 walihesabu watu zaidi ya 290 waliouawa na eabegi yenyewe kwenye ajali za mwendo mdogo tu, ambazo pengine wangeshuka wakigombana nani kamgonga nani. Wengi hawakuwa na mkanda au waliufunga ovyo, na upande wa abiria karibu wote ni watoto.

Ndo maana mimi naunga mkono kamera ndani ya gari. Inakaa juu karibu na kioo cha kati, inatumia mwanga wa infraredi ambao jicho halioni kwa hiyo hata usiku inafanya kazi, na muda wote inafuatilia kichwa na kifua viko wapi. Ukisogea mbele mno inaiambia kompyuta eabegi itoke kwa nguvu kidogo, au isitoke kabisa.

Najua watu watasema tunachunguzwa, na kweli, mi mwenyewe sitaki sura yangu izurure. Ila kompyuta haihitaji sura, inahitaji kujua kichwa kiko umbali gani, basi picha ifanyiwe kazi humohumo garini na ifutwe, na hilo liwe sheria sio ahadi ya muuzaji. Pia sensa ya siti wasiing'oe, maana kamera nayo blanketi likimfunika mtoto au jua likiipiga usoni inaweza kubabaika, bora vyote viwili viulizane.

Begi langu siku hizi nalifunga mkanda. Kelele zimeisha, gari linaamini limebeba abiria mstaarabu.

Msomaji wenu wa siku nyingi