Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutazama samaki, assalaam alaykum.

Kazi za mwaka mnazijua. Tulishuka Mto Lukuledi mara mbili, Ziwa Rutamba mara tatu, na masika tukapita kwenye madimbwi kuwatazama wale samaki wadogo wa rangi ambao dimbwi likikauka hufa, mayai yao yakabaki kwenye tope kungoja mvua. Tuliowapima na kuwapiga picha walirudishwa majini.

Sasa suala la vifaranga. Nimesikia yanayosemwa tangu nikatae vifaranga vya perege vya bure vilivyoletwa kupandikizwa Rutamba: kwamba nimewanyima watu kitoweo, kwamba nimejiamulia. Kikao hakikuwepo, ni kweli. Ndoo zilishafika ufukweni, jua kali. Niliwapigia wajumbe watatu, akapokea mmoja, naye akaniunga mkono. Perege wa asili wa maziwa yetu ya Rutamba, Nambawala na Mitupa hapa Lindi ni Oreochromis korogwe. Jina limetoka Korogwe, Tanga, lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa hawa wa Lindi wametengana na wenzao wa kaskazini tangu zamani sana. Utafiti huohuo ukakuta wameanza kuchanganyika na perege mgeni, Oreochromis niloticus, yaani perege wa Mto Nile. Aliyeleta ndoo nilimuuliza ni perege wa aina gani, hakujua. Wakishazaliana ziwani, nani atawachambua kama mchele? Wavuvi wetu nawaheshimu, na mimi mwenyewe nimelelewa kwa samaki wa ziwa lile. Ndoo zikija tena kesho, nitakataa tena.

Fedha. Tuko 34, ada ni shilingi 10,000, waliolipa ni 13. Pamoja na michango 85,000 tulipata 215,000. Kimia, migono ya kutegea samaki na mafuta ya pikipiki vikala 188,000, zimebaki 27,000. Gambuti nilinunua kwa fedha yangu na sijadai.

Mahudhurio yananiumiza zaidi. Safari ya mwisho ya Rutamba tulikuwa wanne. Najua ulikuwa msimu wa korosho, lakini mnada hauchukui wiki nzima, na kushika kimia, kupima na kuandika vinahitaji watu sita.

Mwaka ujao, Mungu akijalia na ada zikiingia, tunatamani kufika vijito vya upande wa Ruvuma, na kupata mtu wa kutufundisha kuwatambua perege waliochanganyika. Mweka hazina amekaa pale mlangoni na daftari la ada.