Barua kutoka Joensuu: presha ya Mama

Joensuu, Finland

Dada yangu mpendwa, shikamoo. Natumaini hapo Tanga wote hamjambo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Kwamba Mama kaacha vidonge kwa kuwa presha "imeshashuka", na shangazi kamwambia dawa hizo ukizianza ndiyo basi, huziachi mpaka kaburini, bora atafune vitunguu saumu. Nikimpigia simu ananikatiza kwa dua, ndiyo maana naandika. Msomee akiwa ameshakula.

Presha imeshuka kwa sababu ya vidonge. Akiviacha itapanda tena, na haitapiga hodi: wengi wenye presha ya kupanda hawaumwi kichwa wala hawaoni kizunguzungu. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu mwaka hadi mwaka, kuta zinakakamaa na kuharibika, mwisho mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Wazee ninaowahudumia hapa kazini, wale wa kiharusi, ukiwauliza, wengi watakuambia walikuwa wanajisikia wazima kabisa.

Halafu umetaja kwa kupitia tu kwamba miguu inamvimba. Hapo ndipo penye neno, dada! Dawa nyingine za presha, kama amlodipini, huvimbisha vifundo vya miguu. Nahisi Mama kakimbia uvimbe, habari ya vitunguu saumu ni kisingizio. Arudi kwa daktari aseme wazi, abadilishiwe au apunguziwe. Dawa za presha ziko za aina nyingi.

Msidhani maradhi haya ni yetu peke yetu. Mkoa huu ninaoishi, Karelia ya Kaskazini, ulijulikana kwa wanaume kufa kwa moyo wangali na nguvu zao. Mzee mmoja ninayemwogesha ananiambia utotoni kwao siagi ilipakwa mkate mpaka meno yanaacha alama, samaki ni wa chumvi, na sigara haitoki mdomoni. Mwaka 1971 viongozi wa mkoa waliiandikia serikali kuomba msaada, na mwaka 1972 ukaanza mradi chini ya daktari kijana, Pekka Puska, mwenye miaka 27. Aliwafuata akina mama wa chama cha Martha, wakawa wanaita majirani, wanapika pamoja chakula chenye mafuta kidogo, chumvi kidogo na mboga tele, kisha wanakila. Watengeneza soseji nao walibembelezwa. Presha zikapimwa vijijini. Ilichukua miaka, lakini vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, na vya kiharusi navyo vikapungua sana. Ninachokipenda ni kwamba walianzia jikoni.

Basi na sisi tuanzie jikoni. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kila kitu humo humo. Sasa hesabu jikoni kwa Mama: chumvi kwenye chungu, juu yake kidonge cha supu ambacho nacho ni chumvi, kisha ng'onda, kisha embe bichi la jioni na chumvi na pilipili. Ng'onda simnyang'anyi, ningelaaniwa. Mloweke usiku, maji myamwage, mumchemshe na kumwaga tena, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Ndimu, ukwaju, tangawizi na kotmiri vitabeba ladha. Wiki za kwanza atalalamika chakula ni chapwa, ulimi utazoea.

Shangazi anasema presha ni mawazo. Mawazo yanachangia, sikatai, lakini mbona hasemi kitu kuhusu bodaboda ya kwenda sokoni hapo karibu? Mama atembee nusu saa, asubuhi kabla ya jua kali. Na kaka akavutie sigara zake mbali, bora zaidi aziache.

Kipimo nimekituma kwa mtu anayekuja Dar. Kabla ya kumpima, Mama akae kimya dakika tano, ameegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nguo isibane, kahawa asiwe amekunywa karibuni. Pima mara mbili, andika zote kwenye daftari. Nyumbani, ikiwa mara kwa mara inafika 135 kwa 85 au kupita, daktari aone hilo daftari.

Na siku yoyote, kwa yeyote hapo nyumbani, mdomo ukienda upande, mkono ukalegea, au maneno yakagongana, huenda ni kiharusi: angalia saa ngapi imeanza na mtafute gari mwende hospitali kubwa. Asipakwe mafuta, asisomewe kwanza, asipewe aspirini, kwa sababu bila picha ya kichwa hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na foleni ya kwa mganga inazimaliza zote. Dua msome mkiwa njiani.

Kesho nitapiga kabla hujafungua duka. Uwe na pakiti ya vidonge mkononi unisomee jina na miligramu, tujue la kumwambia daktari.

Wasalaam,
mdogo wako