Taa nyekundu inawahusu pia waendesha pikipiki

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniumiza kila ninapovuka barabara mjini. Taa nyekundu inapowaka magari husimama, lakini baadhi ya waendesha pikipiki hupenya katikati yake, wakapita mstari wa kusimamia na kuingia kwenye kivuko, ambako mtembea kwa miguu aliyezibwa na magari hawaoni, wala wao hawamwoni. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto au mzee atakwepaje? Abiria naye, tena pengine hana kofia ngumu, huhatarishwa bila kuulizwa. Naomba askari wa usalama barabarani wawepo hata pale taa zinapofanya kazi, si zinapoharibika tu.

Msomaji wako