Kabla hujazunguka mji mzima kutafuta biti ndefu ya drili

"Biti ya mita moja mnayo?" Swali hilo tunalisikia sana hapa kaunta, na jibu letu huwa ni swali jingine: ukuta wako una unene gani? Wengi hawajapima. Wameona tu biti waliyonayo imegota katikati ya ukuta, wakaamua dawa ni ile ndefu kuliko zote Arusha.

Tupige hesabu kidogo. Nyumba nyingi za siku hizi, kuanzia Njiro hadi Ngaramtoni, ni za tofali za inchi 6, yaani milimita 150 hivi. Weka lipu pande zote mbili, unafika 180 au 190. Biti iliyoandikwa 210 inaonekana inatosha, lakini namba hiyo ni urefu wote, pamoja na mkia unaozama ndani ya mashine. Sehemu inayochimba ni 150 tu. Anayekwama hapo anahitaji ya 260, inayochimba 200, na bei yake haifanani hata kidogo na ya mita moja.

Biti ndefu kweli inahitajika kwenye nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe, au pale chumba kilipoongezwa ubavuni na kuta mbili zikasimama zimegusana. Hapo chukua 450, inayochimba 400, au 600, inayochimba 550. Mita moja ipo dukani, ila wanaoihitaji ni wachache mno.

Angalia na mkia. Biti nyingi ndefu za ukutani ni za SDS-plus: mkia wa milimita 10 wenye mifereji, unaosukumwa ukanasa wenyewe. Drili ya kukaza kwa ufunguo si mahali pake. Mashine kubwa za kuvunjia zege nazo hutumia SDS-max, mkia wa milimita 18, na hizo mbili haziingiliani. Kwa paipu ya umeme ya milimita 20, tunashauri biti ya unene wa 22 ili paipu ipite bila kugongwa nyundo.

Kuna pia wanaokuja na video ya biti inayopinda kama springi, fundi wa Marekani anaizamisha kwenye tundu la swichi na waya unatokea darini. Ni kifaa kizuri, kwao. Kuta za nyumba nyingi kule ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa jipsamu, ndani wazi. Ukiisukuma kwenye tofali letu la saruji utaiua siku hiyo hiyo. Kwa mbao za dari na kenchi tunauza rodi za kurefushia biti za mbao; zinatosha kufika pale mkono usipofika.

Ukishaipata biti, usianze nayo. Anza tundu kwa biti fupi ya unene uleule, kisha ingiza ndefu mpaka ishikwe na ukuta ndipo uwashe. Biti ya milimita 600 ikizungushwa hewani hupinda na kuchapa, na inaweza kukuvunja mkono. Ivute nyuma mara kwa mara itoe vumbi, na ukikaribia kutokea punguza nguvu, la sivyo lipu ya upande wa pili itabanduka kipande kizima. Tundu la kwenda nje liinamishe kidogo kuelekea nje, maana mvua za masika haziulizi. Ukigonga nondo, acha. Hapo uko kwenye lenta au nguzo, sogea kando.

Usitoboe juu, chini wala ubavuni sambamba na soketi au swichi, kwa sababu paipu za waya hupita humo. Na zima swichi kuu. Kuna mafundi wanaotoboa kwa kuwa "luku imeisha"; mwenye nyumba akinunua umeme na kuingiza namba ukiwa ngazini, moto unarudi palepale. Kazi ya kuunganisha waya mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji.

Kwa tundu moja au mawili hatukushauri kununua biti ya 600. Tunaikodisha kwa siku, kwa amana. Pima ukuta dirishani au mlangoni, ambako unene unaonekana, kisha njoo na drili yako au picha ya mdomo wake.