Zawadi, mtoto wa jicho hangojewi akomae

Zawadi mwaya,

Habari za Mafinga, za baridi, za watoto? Mama mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukimaliza utasahau.

Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Baba Sekela, ila na we usijifanye malaika, meseji ya mwisho niliandika mimi na ukaiacha na tiki zako mbili. Anyway. Ile voisi yako ya Jumapili, ulikuwa unaongelea mambo ya Lusekelo na kiwanja, katikati ukatupia tu kwamba mama macho yamekuwa na ukungu, mnamwekea dawa ya matone, mnasubiri mtoto wa jicho akomae ndo atolewe, halafu huyo ukarudi kwenye kiwanja. Mi kuanzia hapo sikusikia tena habari ya kiwanja. Nimeirudia mara tatu. Kwa hiyo hii barua ni ya macho ya mama, ya Lusekelo tutaongea (ila kwa kifupi: asisaini kitu).

Nakuandikia kwa sababu hilo neno "akomae" ndilo lilitupotezea miaka mitatu na mzee wangu. Kuna sehemu tulimpeleka mara ya kwanza, sitaitaja, wakammulika na tochi dakika mbili wakasema mtoto bado mchanga, akikomaa mrudisheni. Sasa mzee ni mtu wa maparachichi, si unajua lile shamba la Tukuyu, mtu ambaye maisha yake yote anafukuza madalali wanaochuma matunda machanga maana parachichi lisilokomaa ukilivundika linasinyaa tu, haliivi. Ukimwambia kitu kikomae kwanza umemaliza maneno. Ikamwingia kuliko mahubiri. Kila nikipiga simu, baba macho vipi, "bado hajakomaa". Na utani juu, eti mtoto gani huyu ananiziba macho halafu hata ng'ombe hachungi.

Basi tukawa tunacheka huku mambo yanaharibika. Chai anamimina pembeni ya kikombe. Mzee akampa bodaboda noti ya elfu kumi akijua ni elfu mbili, dogo akashukuru akaondoka nayo, tumekuja kugundua jioni. Usiku gari ikija mbele na taa anasimama kabisa barabarani anasubiri ipite maana anasema mwanga unapasuka kama jua. Na kuna kipindi, hii lazima nikwambie, mwaka wa pili kama miezi minne hivi akaanza kusoma Biblia bila miwani! Mama yangu akasimama kanisani akatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Kumbe ni ugonjwa wenyewe unaendelea, lenzi ikizidi kuwa nzito jicho linageuka kuwa la kuona karibu, mtu anasoma bila miwani ila ng'ambo ya barabara haoni kitu. Baadaye karibu nako kukafunga. Ule ushuhuda hatujawahi kuurudisha.

Mpaka siku alipotumbukia kwenye mfereji wa maji ya mvua nyuma ya nyumba yake mwenyewe, nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, ndo nikaomba ruhusa kazini nikamleta kliniki ya macho Rufaa hapa Mbeya.

Zawadi, mi na digrii yangu nilikuwa najua mtoto wa jicho ni utando unaota juu ya jicho, unakwanguliwa. Siyo. Ule utando wenye nyama unaotambaa kutokea kona ya jicho ni kitu kingine kabisa. Mtoto wa jicho yuko ndani, nyuma ya kile kiduara cheusi. Pale kuna lenzi yako uliyozaliwa nayo, inatakiwa iwe safi kama maji, ndo inakusanya mwanga uende nyuma ya jicho. Imejaa maji na protini, sasa umri ukienda zile protini zinashikana shikana, lenzi inachafuka, inaanza njano, inakuwa kahawia, mwisho nyeupe. Daktari akaniuliza, ule ute wa yai ukishaiva kwenye kikaango unaweza kuurudisha uwe kama maji? Nikasema hapana. Akasema basi ndo hivyo, hakuna tone la dawa linalorudisha. Hakuna Zawadi. Si la duka la dawa, si lile la majani la yule bibi wa Kiwira ambaye hata sisi tulitaka kwenda. Ni kuitoa hiyo lenzi na kuweka nyingine, basi. Na huu ndo ugonjwa unaoongoza kupofusha watu duniani nzima, wakati unatibika, yaani inauma.

Nikamuuliza na habari ya kukomaa. Akacheka, siyo kwa dharau, akasema hayo maneno yalikuwa na maana zamani. Zamani lenzi ilitolewa bila kurudishiwa kitu, mtu anabaki na ile miwani mizito kama kitako cha chupa, unaikumbuka ya babu yake Anyitike? Sasa hapo ilikuwa bora usubiri mpaka mtu haoni kabisa, maana unachompa baada ya operesheni nacho ni taabu. Siku hizi unawekewa lenzi ya plastiki humo humo ndani ya jicho, kwa hiyo kipimo ni kimoja tu: macho yanamzuia kufanya mambo yake? Kama yanamzuia, muda umefika. Na akikomaa sana ndo shida zaidi, lenzi inakuwa ngumu kutoka, nyingine inavimba inapandisha presha ya ndani ya jicho, hapo ni maumivu makali na jicho linaweza kufa.

Ile habari ya plastiki ilininyima usingizi, usiku wodini nikasoma kwenye simu. Kumbe kuna daktari Mwingereza anaitwa Harold Ridley, wakati wa vita kuu ya pili alikuwa anawaona marubani waliopasukiwa na vioo vya ndege, vile vya plastiki, vipande vimebaki ndani ya macho na jicho halilalamiki, halivimbi wala nini. Akajisemea, basi plastiki hii hii naweza kutengenezea lenzi. Mwaka 1949 akamwekea mtu wa kwanza pale London, wenzake wakampinga miaka na miaka. Na leo mzee wa Tukuyu ana plastiki jichoni anachambua maharage nayo. Haya bwana.

Operesheni yenyewe sikuamini. We si unamjua mama Sekela alivyokuwa anatangaza kwamba jicho linang'olewa linawekwa kwenye sahani linasafishwa linarudishwa? Uongo mtupu. Walimpima presha, sukari, wakapima jicho na mashine kujua lenzi ya namba gani itamfaa, wakamwekea matone ya kupanua kile kiduara. Halafu sindano ya ganzi pembeni ya jicho, mzee anasema hiyo ndo kitu pekee alichokisikia. Yuko macho muda wote, amefunikwa uso, anasikia wanaongea, anaona mwanga mwanga tu. Wanapasua kidogo sana pembeni, lenzi imekaa kwenye kifuko chembamba, wanafungua kifuko kwa mbele, wanaitoa, kifuko wanakiacha ndo kinabeba lenzi mpya. Kuna njia ya mashine inayosaga kwa mawimbi ya sauti na kufyonza, ila ya mzee kwa kuwa tulisubiri ikawa ngumu kama punje ya mahindi, wakaitoa kwa mkono kupitia kitundu kikubwa kidogo. Hata nyuzi hakushonwa. Haikufika nusu saa, mi nilikuwa bado natafuta chaji.

Sasa subiri nikwambie ya asubuhi yake. Nesi kabandua plasta, kafuta taratibu na pamba, kamwambia fungua. Mi nimejiandaa, simu mkononi nirekodi, nategemea ataniita jina au ataomba. Mzee kapepesa kidogo, katazama dirishani, katazama ukuta, halafu akashusha macho mpaka miguuni kwangu akatulia hapo. "We Tusa, mbona umevaa soksi mbili?" Nikamwambia baba si kila mtu anavaa mbili. "Hapana, hiyo nyeusi na hiyo ya bluu."

Zawadi, nikaangalia. Kweli! Nilivaa gizani saa kumi alfajiri juzi yake, nimezunguka nazo hospitali nzima siku mbili, nimeingia nazo mpaka kwa daktari, na macho yangu mazima haya sijaona. Na ni bluu ile iliyokolea, ile ya sare ya shule, unaijua, ukiweka karibu na nyeusi hata duka linakosea. Nesi akasema ndo kawaida, ile lenzi ya njano ilikuwa inameza bluu yote, ikitoka bluu ndo inarudi kwa kishindo. Nikakaa kwenye benchi nikalia kama mtoto, kwa ajili ya soksi.

Ila sitaki nikupake mafuta kwamba kila kitu kilikuwa raha. Wiki za baada ndo kazi. Matone kwa saa, kila siku, karibu mwezi na kitu, asijikune, maji na sabuni visiingie jichoni, asiiname, asibebe mzigo, usiku avae kile kifuniko. Siku ya tano kanitoroka anaenda kupalilia, mama yangu ikabidi afiche jembe chini ya uvungu. Walituambia pia jicho likiuma, likiwa jekundu au akaanza kuona vibaya kuliko jana, msisubiri kliniki, njooni siku hiyo hiyo, maana wadudu wakiingia ndani jicho linaweza kwenda. Kwetu haikutokea. Halafu kusoma inabidi avae miwani, lenzi ya plastiki haijivuti kama ya kwetu, wamempangia ya kuona mbali, akalalamika eti nimepewa jicho nusu. Na ukisikia watu wanasema mtoto amerudi, harudi, ni kile kifuko kilichobaki kinaweza kuja kufanya ukungu baadaye, wanakitoboa kwa leza dakika chache unaenda nyumbani. Jicho la pili bado anagoma, anasema ni la akiba. Akiba gani sasa, si ndo yale yale ya kukomaa tena?

Turudi kwa mama. Kinachonitisha kuliko vyote ni vitu viwili, na nataka uvisome taratibu.

Cha kwanza sukari yake. Sukari inaharakisha mtoto wa jicho, lakini pia inaharibu kule nyuma ya jicho, kwenye mishipa, na huko lenzi mpya haifiki. Kwa hiyo ukungu wa mama unaweza kuwa mtoto wa jicho peke yake, unaweza kuwa na kingine nyuma yake, au presha ya macho, ambayo hiyo inaiba kimya kimya na ikishachukua hairudishi. Tochi ya dakika mbili haikwambii hayo. Lazima apanuliwe aangaliwe mpaka nyuma. Na sukari ikiwa juu sana wataahirisha operesheni, kwa hiyo anza kuishusha sasa hivi, siyo mkishafika.

Cha pili ni hayo matone. Mnamwekea nini? Maana kuna matone ya macho yenye dawa jamii ya steroidi, yanauzwa tu, jicho linapoa wekundu mnafurahi, kumbe ukiyatumia muda mrefu bila daktari yenyewe ndo yanaleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Simaanishi ndo hayo. Naomba tu unipigie picha kichupa, mbele na nyuma. Au usinitumie mimi, mbebee daktari.

Mlete Zawadi. Kama Iringa ni karibu zaidi mpeleke Iringa, sina ushabiki. Ila kama ni huku, basi linapita Makambako, Igawa, Chimala, mnashuka Uyole mlangoni kwangu, chumba cha watoto kipo wazi mpaka shule zifungwe, na mi ratiba za ile kliniki nazijua kama za kwaya. Hela uliza mapema, bima yako ya kazini imemwandikisha yeye kama mtegemezi au hujawahi kufuatilia? Na huko kwenu hawajatangaza kambi ya macho kanisani au redioni?

Halafu nijibu haya, usiniletee kiwanja. Ni macho yote mawili au moja limetangulia? Yameanza lini? Anakwepa taa za magari, anakosea noti, kuna siku amesoma bila miwani ghafla mkafurahi kama sisi? Sukari ya mwisho kupima ilikuwa ngapi, na ilikuwa lini? Yeye mwenyewe anaogopa nini hasa, sindano au maneno ya watu? Kama ni maneno nipe namba yake nimpe mzee waongee, sa hivi kawa wakala, jirani wawili kashawaburuza kliniki huku la kwake la pili kaliacha hapo.

Na ile kanga yangu uliyokwenda nayo msibani, iko wapi?

Mi wako,
Tusa

Picha ya kichupa leo, siyo kesho.