Menyu za Kichina zituambie kilichomo chakulani

Mhariri,

Mama yangu ana miaka 76 na amekuwa Msabato tangu ujana wake. Hali nguruwe, wala hali kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba, kama ilivyoandikwa katika Mambo ya Walawi 11. Jumapili iliyopita alikula vyote viwili mbele ya macho yangu, katika mkahawa wa Kichina hapa Kilimani, na hakuna aliyemwambia. Maneno mawili tu kwenye menyu yangetosha kumkinga.

Alikuwa amekuja kutoka Nyamira kuangaliwa macho, na ndugu yangu akataka tumtoe tule naye chakula cha mchana kabla hajarudi. Tulikuwa watu tisa, wanne wakiwa watoto. Ndugu yangu alipendekeza dim sum nami nikamuunga mkono mara moja. Ni vyakula vidogo vidogo vya watu wa Guangdong na Hong Kong, vinavyoliwa kuanzia asubuhi hadi mchana pamoja na chai, na mwishoni mwa wiki utakuta ukoo mzima umezunguka meza moja, babu na wajukuu. Wenyewe mlo huo huuita "kunywa chai". Nikasema, hapo ndipo pa kumpeleka mama.

Na kwa muda alifurahi kweli. Tulikaa kwenye meza ya duara yenye kioo kinachozunguka katikati, na watoto wakawa wanamzungushia nyanya yao kila kikapu kilipotua. Kwa kuwa hanywi majani ya chai, aliletewa chai ya maua ya krisanthemamu. Mpwa wangu alimfundisha kwamba ukimiminiwa chai unagonga meza kwa vidole viwili kushukuru. Basi akawa anagonga kila mara, hata akimiminiwa na mtoto wa miaka sita. Miguu ya kuku ndiyo iliyomkonga moyo. Hukaangwa kwanza, ikatokoswa, kisha ikaiva kwa mvuke pamoja na soya nyeusi iliyochachuliwa, hadi ngozi ivimbe na kuachana na mfupa yenyewe. "Hii si ile tunayowaachia watoto nyumbani?" akauliza, akamaliza kikapu na kuomba kingine.

Mhariri, hatukwenda kiholela. Kabla ya kuagiza nilimweleza mhudumu kwamba mezani kwetu hakuna nguruwe wala kamba. Akatuondolea siu mai, ambazo ndani huwa na nguruwe na kamba, na har gow, ambazo ni za kamba. Akatuachia kile kinachoitwa keki ya tanipu. Menyu ilikuwa ya Kichina na Kiingereza, na chini ya jina hilo hapakuwa na neno jingine lolote. Ni figili nyeupe iliyokunwa, ikachanganywa na unga wa mchele, ikapikwa kwa mvuke, ikakatwa vipande vya mraba na kukaangwa. Ukiitazama ni mboga. Mama alikula vipande vitatu. Mpwa wangu alipokata cha nne akaona vijipande vyekundu na kuuliza, "Shangazi, hii ni nini?"

Mhudumu hakujua. Akaenda jikoni, akarudi na mpishi mwenyewe, Mchina wa makamo, jasho likimtiririka. Mpishi akaitazama sahani, akamtazama mama, akasukuma pua yake juu kwa kidole. Kisha akatuonyesha kwa ncha za vidole kitu kidogo kilichojikunja. Soseji ya nguruwe na uduvi mkavu. Ndivyo keki ile inavyopikwa kwa kawaida huko kwao, na hakuwa amekosea chochote katika upishi wake. Aliinamisha kichwa mara mbili tatu kuomba radhi, nami nilimwonea huruma.

Mama hakumfokea mtu. Aliomba maji, akasukutua kinywa msalani, akarudi na kuketi mikono ikiwa mapajani. "Nyinyi malizeni," alisema. Hakugusa tena kitu. Tulipokuwa Ngong Road kurudi nyumbani ndipo aliponiuliza, "Kwani walishindwa kuandika?"

Mama alijifunza kusoma Kiswahili katika darasa la ngumbaru, baada ya kampeni ya mwaka wa 1979 dhidi ya kutojua kusoma na kuandika. Hasomi Kiingereza. Lakini menyu ingemwambia "uduvi" na "nguruwe", angeisukuma mwenyewe ile sahani bila kumtegemea mtu. Kila kibanda mjini humu huandika ukutani matumbo, omena, madondo, na mteja anajua anachokula. Iweje mkahawa wa meza za vioo ushindwe?

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu anachonunua. Sidai kila jina la Kichina litafsiriwe. Har gow ibaki har gow. Naomba chini yake kuwe na mstari mmoja wa Kiswahili: kamba, nguruwe, soseji, uduvi, karanga, mayai. Wenye mzio watafaidi, Waislamu watafaidi, nasi Wasabato pia. Na wahudumu, vijana wetu wanaozungumza Kiswahili siku nzima, waonjeshwe au angalau waelezwe wanachobeba kabla ya kupewa meza. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mpole na alikaribia kulia. Hakuwa amewahi kuambiwa.

Mama anarudi kliniki mwezi wa Agosti. Ameshasema anaitaka tena ile miguu ya kuku.

Binti wa Nyamira,
Imara Daima, Nairobi